“Nimekurekodi, nitumie bitcoin”: maswali yenu kuhusu barua pepe za vitisho

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu tapeli anayedai kuwa na siri yako na kutaka umlipe ili anyamaze.

SWALI: Nimepata barua pepe ya Kiingereza. Mtu anadai ameingia kwenye kompyuta yangu, amenirekodi kwa kamera nikitazama picha chafu, na anataka dola 1,400 kwa bitcoin (pesa ya mtandaoni) ndani ya saa 48. Ningepuuza, ila ameandika paswadi yangu halisi. Ameipata wapi? (Mwalimu, Jinja)

JIBU: Mwalimu, hiyo paswadi ndiyo mali yake yote. Hakuitoa kwenye kompyuta yako. Kampuni kubwa huibiwa data za wateja, kisha listi hizo zinauzwa na kugawanywa. LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, iliibiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 data za akaunti zaidi ya milioni 160 zikawa zinauzwa mtandaoni. Tapeli hupata listi kama hiyo, akatumia programu inayochomeka anwani na paswadi ya kila mtu kwenye barua ileile moja, kisha anawatumia maelfu kwa mpigo. Mtindo huu ulienea kuanzia Julai 2018.

Isome tena barua yako polepole. Ametaja jina la shule yako? Jina la rafiki hata mmoja? Mwenye video angekubandikia japo kipande cha picha. Huyu anapiga mkwara tu.

La kushughulikia ni paswadi. Kama bado unaitumia popote, ibadilishe leo, ukianza na ya barua pepe, maana aliyeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha paswadi za akaunti nyingine zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na paswadi unaombwa namba nyingine, mfano ya kwenye simu yako. Kisha ingia haveibeenpwned.com, tovuti ya bure aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, uandike anwani yako uone imevuja wapi.

SWALI: Yangu imetumwa kutoka kwenye anwani yangu mwenyewe! Si ina maana yumo ndani? (Mfanyabiashara, Busia)

JIBU: Si lazima. Jina la mtumaji kwenye barua pepe ni kama jina la nyuma ya bahasha: mtu anaweza kuandika lolote. Mfumo wa kutuma barua pepe uliwekwa mwaka 1982 bila njia ya kumhakiki mtumaji. Ukaguzi uliongezwa baadaye, na si kila kampuni inausimamia vizuri. Angalia barua zilizotumwa. Ukiikosa humo, yaelekea imeghushiwa. Angalia pia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako. Usichokitambua, kitoe.

SWALI: Anasema amenirekodi, lakini kompyuta yangu ya ofisini haina kamera. Nifanyeje? (Mzee wa Mbale)

JIBU: Mzee, umeshajijibu. Futa.

SWALI: Mimi si barua pepe. Kuna kaka tuliyekutana Facebook, tukahamia WhatsApp, nikavua nguo kwenye simu ya video. Alirekodi. Amenitumia kipande pamoja na majina ya ndugu zangu, anataka laki tano. Naogopa polisi, tena Facebook naingia kwa VPN (programu ya kukwepa kufungiwa mtandao). (Dada, Arua)

JIBU: Dada, pole sana. Hapa video ipo kweli, kwa hiyo usiipuuze kesi hii kama ya mwalimu.

Usilipe. Ukitoa laki tano, atajua kwamba zipo na atarudi. Piga skrinshoti za kila kitu: vitisho, namba ya simu, ukurasa wake, namba ya mobile money aliyokupa. Baada ya hapo mblok, ufiche orodha ya marafiki zako. Kisha mwambie ndugu mmoja unayemwamini kabla tapeli hajamwambia. Tishio lote limesimama juu ya aibu ya kukaa peke yako na jambo hili.

Ingia StopNCII.org. Inatengeneza alama ya video hukohuko kwenye simu yako, video yenyewe haitoki, na mitandao shiriki kama Facebook, Instagram na TikTok hutumia alama hiyo kuizuia isipandishwe. Aliye chini ya miaka 18 atumie Take It Down, huduma ya aina hiyohiyo.

Kuhusu polisi, woga wako una historia. Chini ya Sheria ya Uganda ya Kupinga Ponografia ya 2014, wanawake waliovujishiwa picha waliweza kujikuta wao ndio washukiwa. Vifungu vyake vikuu vilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai, na hilo ndilo unaloenda kuripoti, si VPN. Usiende peke yako. FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, huwapa wanawake msaada wa kisheria.

SWALI: Nimjibu nimtukane? (Kijana, Kampala)

JIBU: Utamthibitishia tu kwamba anwani ina mtu anayesoma. Tena wengi hughushi anwani, kwa hiyo matusi yako yatamfikia mzee wa watu asiyejua lolote, au yatakurudia mwenyewe. Iripoti kama spamu.