Kinachodumu saiti ni kile kinachompunguzia fundi kazi

Nimesimamia ujenzi wa nyumba na maghorofa madogo Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kama kuna jambo moja ningependa msimamizi mpya alishike, ni hili: saiti haidumishi kitu kinachomwongezea fundi kazi. Unaweza kununua mikanda ya usalama, miwani na glavu, ukavipanga stoo na kubandika bango kubwa getini. Ukitoka kwenda kufuata nondo, miwani inahamia juu ya kofia na mkanda unaning'inia msumarini. Lakini mpe fundi kitu kinachompunguzia safari au jasho, na hata ukihamia mradi mwingine utasikia bado wanakitumia. Ndicho kipimo changu kabla sijaleta jambo lolote jipya, liwe la usalama, la mazingira au la majirani.

Chukua suala la kifusi. Ukuta umekosewa ghorofa ya tatu, umevunjwa, sasa kuna rundo la tofali na plasta juu. Saidia fundi ana njia mbili: abebe kwa karai ngazi hadi ngazi, au achungulie nje, apige kelele "chini huko!" na amwage. Unajua ipi inashinda. Unaweza kukataza kila asubuhi, na mchana ukiwa stoo utasikia kishindo, vumbi likiingia kwa jirani aliyeanika nguo.

Dawa yake ni bomba la kifusi la mapipa. Tafuta mapipa ya plastiki ya lita 200 yaliyobebea vyakula. Yaliyobebea kemikali usiyaguse. Kata kitako na mfuniko. Ukingo wa chini wa kila pipa uchane sehemu nne au tano, uubane kidogo ili uingie ndani ya pipa linalofuata, maana bomba lenye pengo kwenye maungio hurusha vipande nje. Unganisha kwa minyororo pande mbili, na minyororo hiyo uifunge kwenye nguzo au slabu ya jengo, si kwenye jukwaa la mirunda. Mdomo wa chini uelekee ndani ya uzio mdogo ambao hakuna anayepita, na turubai lifunike pale kifusi kinapotua. Kabla ya kumwaga, rushia maji kidogo. Mbao ndefu hazipiti humo, zitaziba, hizo washushe kwa kamba.

Nalipenda bomba hili kwa sababu hakuna wa kulisimamia. Fundi analitumia kwa uvivu wake mwenyewe, na uvivu huo unamlinda anayepita chini, unamwondolea jirani vumbi, na kifusi kinafika chini kikiwa rundo moja safi. Vipande vya tofali vinafaa kujazia chini ya jamvi la nyumba nyingine au mashimo ya barabara ya mtaa. Ukimwambia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mara nyingi watu watakuja na matoroli yao wenyewe.

Jambo la pili ni oili chafu. Karibu kila saiti ndogo mbao za kumwagia zege hupakwa oili iliyotolewa kwenye injini ili zege isigande nayo. Ni ya bei ya chini na inafanya kazi. Pia inaingia kwenye ngozi ya fundi, inadondoka ardhini jirani na kisima, halafu mbao zikichoka mama ntilie anapewa kama kuni. Moshi ule mweusi unaouona chini ya sufuria ya ubwabwa ndiyo oili yenyewe.

Badala yake tumia mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangia chipsi. Vibanda vya chipsi haviishi mtaani, na wengi wao hawajui pa kuyamwaga. Yachuje kwa kitambaa, yapake kwa brashi, tabaka jembamba sana. Ukizidisha, zege inatoka na madoa na plasta itasumbua kushika. Paka siku ileile ya kumwaga, la sivyo sisimizi wa mtaa mzima watahamia kwako. Mafundi waliyapokea haraka kuliko nilivyotarajia kwa sababu moja tu: hayachafui nguo kama oili. Sikuhitaji hotuba ya mazingira.

Marumaru nazo. Kukata marumaru kwa grainda bila maji hutoa vumbi lenye silika, na vumbi hilo likiingia kwenye mapafu kwa miaka huacha makovu yasiyopona, ugonjwa uitwao silikosisi. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Wapo wanaomwagia maji grainda ya umeme wakati inakata. Huko ni kuukimbia ugonjwa na kukutana na shoti. Nunua mashine ya kukatia ya mkono, ile ya kuchora mstari na kubonyeza. Kwa mkato ulionyooka ni haraka kuliko grainda, haina kelele, haina vumbi la kutaja, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Grainda ibaki kwa pembe na matundu ya mabomba, nje ya chumba, upepo ukimtoka fundi mgongoni, na barakoa ya kweli usoni.

Nondo zilizosimama zikisubiri nguzo za ghorofa inayofuata huvishwa chupa za maji, na picha zake zinapendeza sana mitandaoni. Chupa inazuia mkwaruzo na inafanya ncha ionekane, basi. Mtu akiangukia kutoka juu, nondo inapita kwenye chupa na kwenye mtu. Zikunje ncha kama mhandisi amekubali, au pigilia mbao mbili pamoja kama mfereji uliopinduliwa na uzilaze juu ya mstari mzima wa nondo, uzifunge kwa waya. Mbao hizo zinahamishwa kutoka slabu hadi slabu.

Kofia ngumu nitaipitia haraka: mpe kila mtu yake na uandike jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Kofia za pamoja zinanuka jasho la mwenzako, ndiyo maana hazivaliwi.

Mashimo ndiyo yanayoninyima usingizi wakati wa masika. Shimo la choo lililochimbwa mwezi wa pili, hela ya mwenye nyumba ikakwama, mvua ikajaza maji, watoto wanapita hapo kwenda shule. Wengi hufunika kwa mabati. Bati linalificha shimo lakini halimbebi mtu, kwa hiyo ni mtego. Funga wavu wa mabaki ya nondo, nafasi za kama sentimeta 15, uwe mpana kuliko shimo, uukandamize kwa nondo zilizopigiliwa ardhini. Mafundi wawili wanaunyanyua asubuhi na kuurudisha jioni. Kwa anayechimba, kumbuka kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Ikimwangukia mtu kiunoni hatoki mwenyewe. Udongo unaotolewa ukae angalau mita moja kutoka ukingoni, na shimo likizidi kina cha kifua, kingo zilazwe mteremko au zizuiwe kwa mbao kabla mtu hajashuka tena.

Sasa majirani, ambao wasimamizi wengi huwakumbuka wakishaitwa serikali ya mtaa. Uingereza tangu 1997 kuna mpango uitwao Considerate Constructors Scheme, ambapo saiti hujiandikisha na kukaguliwa jinsi inavyowatendea watu walio jirani, wafanyakazi na mazingira. Huku kwetu hatuna haja ya kusubiri mkaguzi, kwa kuwa jirani mwenyewe ni mkaguzi na hana aibu.

Kabla lori la kwanza halijaingia, piga hodi nyumba zote zinazopakana, ukiwa na mjumbe. Chukua simu, piga picha nyufa zote zilizopo kwenye kuta za jirani, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo, muandikishane tarehe, nakala moja ibaki kwa mjumbe. Baadhi wataona unawatafutia lawama. Waeleze kwamba picha hizo zinawalinda wao pia: ukishindilia udongo na ufa mpya ukatokea, hakuna wa kuwaambia "huo ulikuwepo." Hakuna jambo jingine lililoniepusha na ugomvi mwingi kuliko hili.

Getini weka jina na namba ya simu inayopokelewa. Siku ya kumwaga slabu toa taarifa siku mbili kabla, kwa sababu zege ya slabu haikatishwi katikati, na mashine inaweza kunguruma hadi saa tatu usiku. Watu wanavumilia sana kelele walizoambiwa. Mchanga na kokoto visimwagwe katikati ya njia ya bajaji. Ukikosa nafasi, agiza nusu lori. Ijumaa mchana, kama msikiti uko karibu, panga kazi ya kufunga nondo badala ya kukata. Na jirani akipata msiba, mashine zizimwe hadi wazike, turubai na viti vya saiti viende huko bila kuombwa. Hilo si jambo la kuandikia mwongozo, lakini nimeona vijana wapya kutoka vyuoni wakiuliza kama ratiba inaruhusu.

Kwa wanaotaka kupunguza saruji: kiwanda huchoma mawe ya chokaa na udongo kwa nyuzi joto karibu 1,450, na saruji duniani inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Saiti ndogo inaweza kuokoa mengi kwa kutopoteza tu. Mifuko ikae juu ya mbao, si sakafuni, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Usichanganye zege nyingi kuliko inayoweza kumwagwa kabla ya kushika. Zege imwagiliwe maji angalau siku saba, maana isiyomwagiliwa haifiki nguvu yake na utaishia kurudia. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, nazipenda, ila zinashindwa kipimo changu zikiwa mikononi mwa fundi asiyezizoea: kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, ikipinda, ukuta wote unapinda, naye ataziba kosa kwa saruji uliyodhani umeiokoa. Mfundishe kwanza, kwenye ukuta wa uzio.

Yote haya ni ya nyumba iliyochorwa na kukaguliwa. Pipa na wavu havizibi nafasi ya mhandisi. Waliokuwa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilipoporomoka, na mtaa wa Indira Gandhi mwaka 2013, hawahitaji kuelezwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Sajili.

Gharama ziingie kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa, kazi na bei zake, tangu mwanzo, kila kitu kwa mstari wake: mapipa, minyororo, wavu, kofia, choo cha mafundi na cha akina mama wanaobeba maji, chenye komeo. Ukiandika "usalama, jumla" mwenye nyumba atakata nusu bila kujua alichokata, hasa yule aliye nje ya nchi anayetuma hela kwa awamu na kuuliza mapipa ya nini. Ukivitenganisha, mwambie kama bajeti haitoshi achague mwenyewe cha kufuta na akutumie kwa maandishi. Kwa uzoefu wangu, wengi huishia kufuta taa za mapambo za getini.