Punguza Utambi: Kwa Mnaoingia Kwaresima ya Kwanza

Kila mwaka, Jumatano ya Majivu inapokaribia, tunaombwa turudishe kanisani matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Hapa Mtwara mengi ni ya minazi. Yamekaa mwaka mzima nyuma ya picha ya Familia Takatifu au juu ya mlango, yamekauka na kushika buibui. Tunayaleta, yanachomwa, na jivu lake ndilo tunalopakwa kwenye paji la uso. Nimefundisha dini watu wazima wanaojiandaa kubatizwa kwa miaka kumi na miwili sasa, na karibu kila kundi lina mtu wa kuuliza swali lile lile: mwalimu, kama tunakwenda kwenye mwanga wa Pasaka, mbona tunaanza kwa kupakwa majivu?

Huwa najibu kwa kuwasimulia habari za chemli, ile taa ya mafuta yenye utambi na kioo.

Waliokulia Newala, Tandahimba au Ruangwa kabla umeme haujafika vijijini wanaijua kazi hii. Kioo cha chemli kikiingia masizi, maji matupu hayakitakasi. Unachukua jivu la jikoni, unalichekecha kwa vidole uondoe chembe za mkaa zisije zikachora kioo. Unalowesha kidogo kipande cha kanga kuukuu, unachovya kwenye jivu, unasugua. Kabla ya hapo unangoja kioo kipoe, maana maji yakikigusa kikiwa cha moto kinapasuka. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu kwa sababu mkono wa mtoto ndio ulioweza kupita kwenye mdomo wa kioo, na masizi yote yalikuwa ndani. Nikimaliza, bibi alikiinua juani akakikagua. Akiona doa, alinirudishia bila kusema neno.

Kioo kile hakikuwahi kuwaka hata siku moja. Mwanga ulitoka kwingine. Ila kikiwa kichafu, tulikula gizani na taa inawaka. Ndugu zangu, mkiingia Kwaresima na hilo tu, mtakuwa mmeingia vizuri. Mwanga wa Mungu haukusubiri mfunge ndipo uwake, na hautaongezeka kwa sababu mmeacha soda. Kazi yenu ni kioo.

Kuna hesabu inayowachanganya wageni, nayo niimalize haraka. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Dominika, yaani Jumapili, sita zilizomo hazihesabiwi kuwa siku za mfungo, kwa hiyo zinabaki 40. Dominika ukila ukashiba hujavunja kitu.

Sasa niwaambie nilivyokosea mimi.

Mwaka niliokuwa mkatekumeni, yaani najiandaa kubatizwa, nilikuwa na bidii ya kutisha. Niliamka saa tisa usiku kusali kwa sauti, na nyumba yenyewe ina vyumba viwili. Nilikataa kula na wenzangu hata siku zisizo za mfungo. Ijumaa moja mdogo wangu alikaanga nyama. Yeye wala hakuwa Mkristo. Nilimsema mpaka akaacha sufuria jikoni akatoka nje. Nilijiona nimeitetea imani. Jioni hiyo hiyo umeme ulikatika. Bibi, ambaye ni Mwislamu na alikuwa amekuja kukaa nasi siku chache, akawasha chemli aliyokuja nayo. Nilivuta kiti nisome Injili. Mwanga niliuona mdogo, nikazungusha kitasa, moto ukapanda. Baada ya dakika chache nusu ya kioo ilikuwa nyeusi.

"Punguza utambi, mjukuu wangu," bibi akasema. "Ukiupandisha hivyo utasoma moshi."

Alikuwa anaongea habari za taa. Nina hakika hakuwa na jingine moyoni. Lakini nilipunguza utambi, nikafuta kioo, nikakaa pale kurasa zikiwa wazi bila kusoma, namfikiria mdogo wangu na ile sufuria.

Ndiyo maana nawasihi: msipandishe utambi. Mwaka wa kwanza chagueni jambo moja la kuacha na jambo moja la kufanya, basi. Mkikusanya saba, wiki ya tatu mtakuwa mmechoka na mnaochoka mbele yao ni watoto wenu. Watawa Wabenediktini, ambao wako Ndanda tangu mwaka 1906, wanaishi kwa kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6, na sura yake ya 49 inahusu Kwaresima. Anataka kila mtawa aongeze kitu kidogo kwa hiari yake na kwa furaha, ila kwanza akamwambie abati wake, mkuu wa monasteri. Kinachofanywa kwa siri bila baraka ya baba yake wa kiroho, anasema, kitahesabiwa kuwa majivuno. Nyinyi hamna abati, ila mna wasimamizi wenu wa ubatizo. Mwambie msimamizi wako: mama, nimekusudia hiki. Akikwambia ni kingi mno, msikilize. Kanuni hiyo hiyo inaagiza kila mtawa apewe kitabu kimoja siku za Kwaresima akisome kwa mfululizo mpaka mwisho. Nami huwapa wanafunzi wangu Injili moja tu, wasirukeruke. Ya Yohane inafaa sana, kwa maana neno la nuru na giza linapita humo tangu ukurasa wa kwanza. Na walio karibu na Ndanda, nendeni siku moja mkasikilize masifu ya jioni, sala ya watawa. Kaeni nyuma, msiongee.

Habari ya chakula nayo ina mtego kwa sisi watu wa pwani. Sheria ya Kanisa ni nyepesi: kufunga kunawapasa wenye miaka 18 hadi 59, siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo. Kuacha nyama, kuanzia miaka 14, ni siku hizo pamoja na Ijumaa. Wagonjwa na wajawazito hawabanwi. Lakini mtu wa Mikindani akiacha nyama ya ng'ombe Ijumaa akaketi mbele ya samaki kolekole wa nazi na wali, ameacha nini? Sheria ameitimiza, na simhukumu. Kwa maoni yangu, sisi tuache kile tunachokipenda kweli. Mimi ni fundi cherehani, naketi kibarazani siku nzima, na watu wakipita kuna maneno. Kitu kilichonigharimu kuliko samaki yeyote ni kukaa siku 40 bila kumsema mteja akishaondoka.

Tena Kwaresima huku kwetu inaangukia kifuku. Mvua inanyesha, mahindi yako shambani hayajakomaa, na pesa ya korosho kwa wengi imeshakwisha. Kuna nyumba zinazokula mara moja kwa siku bila kuwa na nia ya mfungo. Ukifunga karibu nao, mlo uliouruka una mwenyewe. Siku za mwanzo za Kwaresima tunasoma Isaya sura ya 58, na naomba mwisome polepole. Nabii anawaambia waliofunga huku wakigombana na kupigana ngumi kwamba Mungu anataka mfungo mwingine: kummegea mwenye njaa chakula chako. Ndipo nuru yako itakapopambazuka. Angalieni mpangilio wa maneno yake. Mkate umemegwa kwanza, nuru imefuata.

Kwangu kuna kopo la maziwa ya unga. Siku nisiyokunywa chai ya asubuhi, ile shilingi 1,000 ya chai na chapati inaingia humo, siku hiyo hiyo, kabla haijapata kazi nyingine. Mwaka mmoja kopo lilinunua unga, sabuni na mafuta ya kula kwa mama aliyejifungua nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimtuma mtoto apeleke na nikamkataza kutaja ametumwa na nani. Mtoto alitaja. Basi, mnakazana hivyo hivyo.

Na tafadhali, msiwafundishe majirani Waislamu namna ya kufunga. Mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeingia kwa kupishana siku chache tu, na mtaa wetu wote ulikuwa katika mfungo. Jirani yangu anashinda bila tone la maji tangu alfajiri, kazi yake ni kupakua mizigo, na jioni ananigongea na bakuli la tambi na kaimati nipate futari. Nilijifunza kwake kupokea. Nami siku ya Pasaka bakuli lile halirudi tupu.

Katika masomo ya misa kuna mawili msikose. Dominika ya pili ya Kwaresima, kila mwaka, ni Yesu kugeuka sura mlimani, uso wake uking'aa. Dominika ya nne ya mwaka A, katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, ni kipofu tangu kuzaliwa, na penye wakatekumeni somo hilo linaweza kusomwa mwaka wowote. Yesu anatema mate chini, anatengeneza tope, anampaka machoni, kisha anamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Yule mtu alitembea mtaani na tope usoni kabla hajaona chochote. Nawaambia hivyo wanafunzi wangu wanaolalamika katikati ya Kwaresima kwamba wanasali na hawahisi kitu. Uko njiani kwenda Siloamu, mwanangu, endelea kutembea. Na nyumbani mkipata nafasi, someni Kutoka sura ya 34, Musa aliposhuka kutoka Sinai. Uso wake uling'aa, watu wakaogopa kumkaribia, na yeye mwenyewe hakujua. Ukianza kujiangalia kama unang'aa, umeshageuza shingo kutoka kwa Bwana.

Usiku wa Mkesha wa Pasaka, mkija kanisani, tazameni juu. Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, kwa hiyo mawingu ya masika yakiruhusu, mwezi utakuwa mkubwa bado. Wavuvi wa dagaa wanaotumia karabai wanapumzika siku hizo, kwa sababu taa zao zinataka giza. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alililinganisha Kanisa na mwezi: hauna mwanga wake, unaupokea kwa jua.

Njooni na mshumaa na kipande cha karatasi ngumu mkitoboe katikati, nta isiwaunguze vidole. Taa zote zitazimwa. Moto utawashwa nje, Mshumaa wa Pasaka utawashwa kwa moto huo, na padre au shemasi ataimba mara tatu, "Mwanga wa Kristo," nasi tutaitika, "Tumshukuru Mungu." Mwanga utapita mshumaa kwa mshumaa. Anayepokea ndiye anayeinamisha wake. Uliokwisha kuwaka hauinamishwi.

Usiku niliobatizwa, upepo wa bahari ulipita mlango wa pembeni ukazima wa kwangu, tena nilikuwa mstari wa mbele na gauni jeupe. Nilishtuka kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Nikaanza kupenya kwenda ulipo Mshumaa wa Pasaka. Mtoto wa miaka kama saba aliyesimama kando yangu akanivuta gauni, akainua mshumaa wake kwa mikono miwili hadi kifuani pangu.

"Shangazi, washia hapa."