Viungo vinauma, hedhi inayumba: uliza kuhusu homoni

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu. Ana miaka 48, anakimbia kama sisi, na mwili umemgeuka. Kilianza kiwiko, likafuata bega, sasa ni kisigino. Anauliza: "Dada, nasikia kuna tiba ya homoni. Nikaulize hospitali, au nitachekwa?"

Kaulize. Akikucheka, tafuta mwingine. Lakini ngoja nieleze yangu, maana jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu.

Mimi nilianza na bega la kushoto. Usiku nikililalia, naamka. Baadaye likagoma kabisa kwenda nyuma, sidiria nikawa naifunga kwa mbele kisha naizungusha mpaka vikulabu vifike mgongoni. Bega halijapoa, nyonga ya kulia nayo ikaanza, upande wa nje, pale mfupa unapogusa godoro ukilala ubavu. Asubuhi nashuka ngazi kiubavuubavu, mkono ukutani, mimi niliyezoea kuwaacha wenzangu nyuma kwenye vilima. Wa nyumbani walikuwa wananisubiri chini bila kusema neno. Ile huruma yao iliniuma kuliko nyonga.

Nikaanza kuzunguka. Wa bega akatibu bega, wa nyonga akatibu nyonga. Picha, dawa za maumivu, sindano ya steroidi. Mmoja aliangalia tarehe yangu ya kuzaliwa kwenye faili, akasema "ni umri tu," akaita mgonjwa mwingine. Wa pili alinishauri nipunguze mawazo. Simtaji, ila akisoma hapa atajijua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hedhi yangu ikoje, na wakati huo hedhi ilikuwa inakuja inavyotaka yenyewe, mara inawahi, mara inaruka mwezi mzima, na usiku naamka shuka limelowa jasho. Mimi ndiye niliyeviunganisha vitu hivyo. Hilo najivunia mpaka leo, mniwie radhi.

Estrojeni, ile homoni ya kike, haihusiki na uzazi peke yake. Vipokezi vyake, yaani sehemu inaposhika ili ifanye kazi, vimo kwenye mifupa, kwenye misuli, ndani ya viungo na hata kwenye kano. Wastani wa umri wa kukoma hedhi ni kama miaka 51, lakini homoni huanza kupanda na kushuka miaka kadhaa kabla ya hapo, na mwili unaisikia hiyo misukosuko. Mwenye shaka awasikilize wanawake wanaotumia anastrozoli au letrozoli baada ya saratani ya matiti. Dawa hizo kazi yake ni kuishusha estrojeni mpaka chini kabisa, na moja ya malalamiko makubwa ya wanaozimeza ni viungo kuuma na kukakamaa. Hata hivyo ilibidi tusubiri hadi 2024 ndipo Vonda Wright, daktari bingwa wa mifupa wa Marekani, na wenzake walipozikusanya dalili hizi chini ya jina moja, wakaeleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanawake huzipata katika kipindi hiki, na kwa robo yao zinafikia kiwango cha kukwamisha maisha. Mwaka 2024! Mama zetu walipita humohumo wakiambiwa wamezeeka.

Haya, homoni zinasaidia? Kiasi, na si kwa kila mtu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, kati ya wanawake waliokwisha kutolewa mji wa mimba na wakapewa estrojeni peke yake, baada ya mwaka mmoja asilimia 76.3 walikuwa na maumivu ya viungo, dhidi ya asilimia 79.2 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Tukumbuke tu kwamba washiriki wengi walikuwa wameshavuka miaka 60, si wewe wa 48 ambaye mwili bado unahangaika. Isitoshe, maumivu ya viungo peke yake si sababu rasmi ya kuandikiwa homoni. Zinaandikwa kwa ajili ya vipindi vya joto kali, jasho la usiku, ukavu ukeni na kulinda mifupa. Ndiyo maana nasisitiza: ukienda, usitaje kiwiko peke yake. Taja na jasho, taja na usingizi.

Hofu ya wengi inatokana na utafiti huohuo. Mwaka 2002 sehemu ya waliokuwa wakipewa estrojeni pamoja na projestini (homoni ya pili, ya kuulinda mji wa mimba) ilisimamishwa kabla ya wakati, vichwa vya habari vikawaka, wanawake wakatupa vidonge. Ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Si sifuri, wala si ule msiba uliotangazwa. Siku hizi madaktari huona hesabu inakaa vizuri zaidi kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Estrojeni ya plasta au jeli, inayopita kwenye ngozi, haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama ile ya vidonge. Mwenye mji wa mimba lazima apewe na projesteroni au projestini, la sivyo ukuta wa ndani unanenepa na kuhatarisha saratani. Na kama umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda, au una ini bovu, hayo zungumza na daktari, siyo na mimi.

Mimi nilimpata daktari wa wanawake aliyeweka kalamu chini akanisikiliza. Akaniandikia plasta ya kubandika chini ya kiuno, na projesteroni ya usiku. (Kingo za plasta zinashika vumbi la nguo mpaka zinakuwa nyeusi. Sabuni haiondoi ile gundi, mafuta ndiyo yanaiondoa.) Kilichorudi kwanza ni usingizi. Bega likafuata taratibu, ingawa bega lililoganda huweza kuachia lenyewe pia, sitaki kulidanganyia sifa. Nyonga haikusogea mpaka mtaalamu wa fizio aliponibebesha vyuma. Miezi ile siwachoshi nayo. Leo nakimbia, na kwenye vilima wameanza tena kuniona mgongo.

Kwa hiyo dada zangu, msiende kuomba plasta huku hamjanyanyua hata kilo mbili. Kano inataka mzigo, uongezwe polepole, kwa miezi. Homoni ni msaidizi.

Wala msiruke vipimo. Viungo vikivimba, na asubuhi vikakamaa zaidi ya nusu saa, huenda ni baridi yabisi, na hiyo ina dawa zake na haitaki kucheleweshwa. Bega likiganda, pima sukari na tezi ya shingo. Kumbuka pia dawa ulizomeza karibuni, maana antibiotiki za kundi la siprofloksasini zinaweza kuumiza kano, hasa ile ya kisigino. Yaandike yote kwenye karatasi moja: kipi kilianza kuuma lini, hedhi ya mwisho lini, nani katika ukoo aliugua saratani. Tarehe ya hedhi iwe juu kabisa, asiyetaka kuuliza aione.

Na tafadhali, usishirikiane plasta na shoga yako. Ukishaanza yako, ipe kama miezi mitatu, kisha rudi umwambie daktari ukweli, hata kama ukweli ni kwamba hujaona tofauti. Ila ukitokwa na damu wakati hedhi ilishakoma, usisubiri siku ya miadi.