Kuandika pole pole na bado ulipwe

Dada wa Kondele unauliza kama unaweza kuandika onlaini ukiwa na duka bila kukesha, inawezekana lakini si na zile kazi za dedilaini ya masaa sita, hizo zitakumaliza. Tafuta klayenti wa blogu anataka makala moja kwa wiki, unaandika asubuhi kabla wateja waanze kuja, na usikubali bei kabla ujue risachi ni ya kiasi gani. Ukilipwa kwa PayPal unatoa hadi M-Pesa, ila cheki reti yao ya dola kwanza, wanakula kidogo hapo. Na akaunti za kununua za mtu mwingine wachana nazo kabisaa, Upwork, ile tovuti ya kutafuta kazi za onlaini, wakiitisha kitambulisho jina si lako na pesa imelala humo ndani. Mwanzoni usiitegemee kazi hii kwa renti.