Reli Ikifika Mlangoni, Ardhi Ni ya Nani?

Safari hii nimeziweka pamoja barua tatu, kwa sababu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mpango wa kuifufua reli ya zamani ili treni iwalete abiria kutoka Miritini, inakoishia treni ya Nairobi, hadi kisiwani Mombasa, na ujenzi mpya unaotarajiwa kuzizunguka stesheni zake. Barua ya pili imenichukua nafasi kubwa kuliko nyingine, na sikuona vyema kuipunguza.

SWALI: Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa nguo na husafiri kwenda Nairobi kila mwezi. Treni hutushusha Miritini, kisha kila mtu na mizigo yake anaanza kutafuta gari la kumfikisha mjini. Kwa nini treni ile ile isiendelee mpaka kisiwani? Na ikiwa reli ya zamani itatengenezwa, nani atakayelipa?
Msomaji wa Mwembe Tayari

JIBU: Ndugu yangu, treni ile ile haiwezi kuingia kisiwani kwa sababu reli hizo mbili hazilingani upana. Reli ya kikoloni, ambayo ujenzi wake ulianzia hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ilhali SGR, yaani reli mpya ya kwenda Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Magurudumu ya hii hayakai juu ya ile. Ndiyo maana mpango uliowekwa ni kutandika kipande kipya cha reli nyembamba cha kuziunganisha stesheni mbili za Miritini, ya zamani na ya SGR, kisha kuitengeneza njia kongwe inayopita Changamwe na kuvuka Makupa hadi stesheni iliyo mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Utashuka treni moja kisha upande nyingine. Kitakachoamua kama mpango huo ni wa maana kwako ni ratiba: treni ndogo iwe inakusubiri wewe, wala si wewe uisubiri na marobota yako.

Kuhusu malipo, sehemu yake umekwisha kuilipa bila kujua. Tangu mwaka 2013 bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ambao ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Ukinunua jora la kitambaa lililoshuka bandarini Kilindini, umechangia reli. Nauli peke yake ni nadra kurudisha gharama ya kujenga reli ya mjini, na kwa sababu hiyo miji mingi imegeukia ardhi iliyo kandokando ya stesheni, ambayo hupanda bei siku reli inapotangazwa, kabla hata taruma moja halijalazwa. Hapo ndipo barua inayofuata inapoingia.

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Marehemu baba yetu alijenga nyumba ya vyumba sita Changamwe, si mbali na reli, katika ardhi ya mwenye shamba, na akilipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Baada yake tumeendelea kulipa sisi watoto. Mwaka huu wakala wa mwenye shamba amekataa kupokea pesa yetu. Asema eneo lote litauzwa kwa sababu ya stesheni, na kwamba sisi tuna mawe na mabati tu, ardhi si yetu. Je, tuna haki yoyote?
Mama wa Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Ulipokuja ofisini kuileta barua hii mwenyewe, ulizitoa risiti zako katika kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Ile ya chini kabisa imeandikwa kwa kalamu ya wino, stempu yake imepauka, na jina la baba yenu limekosewa herufi moja. Nataka nianze na kopo hilo, kwa kuwa ndilo silaha yenu. Toa nakala ya kila risiti leo, na asili zake uziweke mahali pasipofika mvua wala moto.

Wasomaji wa bara huenda wasielewe jinsi nyumba inavyoweza kuwa ya mtu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Kwetu Pwani ni jambo la kale, na Mombasa imejaa nyumba za namna hiyo. Mwenyeji aliomba kiwanja kwa mwenye shamba, akajenga, akalipa kodi ya mwaka, akaozesha na kuzika akiwa hapo, na aghalabu makubaliano yalikuwa ya mdomo. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wa ukanda wa Pwani wajitokeze kuyathibitisha madai yao. Waliojitokeza wakapewa hati, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa utaratibu huo ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima juu ya ardhi hiyo hawakuwa na karatasi, wala hawakujua kwamba karatasi ndiyo itakayosema badala yao. Wajukuu wao ndio wanaoandika barua kama yako.

Sasa nikujibu. Kwanza jua ni nani anayeitaka ardhi hiyo, kwa sababu njia ni mbili na haki zake hazifanani.

Ikiwa ni serikali inayoitwaa kwa ajili ya reli yenyewe, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inataka fidia ya haki ilipwe kikamilifu na bila kucheleweshwa. Kifungu hicho hicho kinaruhusu kulipwa fidia kwa mtu anayekaa katika ardhi kwa nia njema hata kama hana hati miliki. Maneno hayo yamekulenga wewe, mama, ingawa yasema fidia yaweza kutolewa, hayasemi ni lazima, na pengo hilo ndilo linalofanya ushahidi wako uwe na uzito mkubwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza kusudio la kutwaa ardhi katika Gazeti la Serikali, na baada ya muda usiopungua siku 30 hupanga kikao cha kuwasikiliza wote wenye maslahi. Dai lako la fidia liandikwe, na lifike kwa Tume kabla ya siku ya kikao au siku hiyo hiyo. Wengi hupoteza haki yao hapo: huenda kikaoni kuulizia, hurudi na ahadi, kumbe jirani aliyepeleka karatasi ndiye aliyeingizwa katika orodha. Andika ukubwa wa nyumba, mwaka iliojengwa, vyumba ulivyopangisha na kodi inayoingia, kisima, choo, na minazi kama ipo. Kanuni za uthamini za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu wa kuhamishwa. Usiporidhika na tathmini, liko baraza la kusikiliza mashauri ya utwaaji wa ardhi, lililoundwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019.

Ikiwa ni mwenye shamba anayeiuza kwa mwekezaji binafsi kwa kuwa bei imepanda, Tume haimo kabisa, na hapo hali yako ni ngumu zaidi. Nakuambia hivi bila kukupamba. Hata mtu aliyeingia katika ardhi ya mwenziwe bila ruhusa, Sheria ya Ardhi inataka apewe ilani ya miezi mitatu kwa maandishi kabla ya kuhamishwa; sioni vipi familia iliyokaa kwa ruhusa na kulipa kodi miaka yote iambiwe iondoke kwa neno la mdomo la wakala. Kukataa kwake pesa yako nako kusikupite hivi hivi. Huenda kesho ikadaiwa kwamba ninyi ndio mlioacha kulipa. Mwandikie barua ya kumjulisha kwamba kodi ipo, jaribu kuilipa kwa njia inayoacha alama kama benki au M-Pesa, uhifadhi ujumbe wa kukataliwa, kisha umwone wakili ukiwa pamoja na jirani zako wenye shida hiyo. Mwekezaji akutane na mtaa mzima uliojiandikisha, wala si nyumba moja moja.

Umeniuliza haki yako, nami nimeijibu kwa kadiri sheria inavyosema. Lakini kuna swali lililo nyuma ya lako ambalo limenikosesha usingizi, nalo ni la thamani ile inayopanda. Ardhi ya Changamwe ikiuzwa ghali kwa sababu ya stesheni, mwenye shamba hakuchimba hata shimo moja la reli. Thamani hiyo imetiwa na walipa kodi, akiwamo wewe na yule mwenye nguo wa Mwembe Tayari. Iende wapi?

Hong Kong ilishalijibu swali hilo. Huko ardhi ni ya serikali na hukodishwa. Kampuni ya reli ya MTR, iliyoundwa mwaka 1975 na ambayo serikali bado ndiyo mwanahisa mkubwa, hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni na pembeni mwake kwa bei ya ardhi kama ilivyokuwa kabla ya reli. Kisha hushirikiana na wajenzi wa majumba, na tofauti ya bei inasaidia kulipia njia mpya. London ilifanya kwa namna nyingine. Kulikuwa na kituo kikubwa cha umeme cha makaa ya mawe pale Battersea kilichozimwa mwaka 1983, kikakaa gofu kwa miongo. Njia ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Northern ikarefushwa kwa kilomita zipatazo 3 kutoka Kennington, ikiwa na stesheni mbili mpya, Nine Elms na Battersea Power Station, zilizofunguliwa tarehe 20 Septemba 2021. Fedha zilikopwa, na mkopo unalipwa kwa michango ya wajenzi pamoja na ongezeko la kodi ya majengo ya biashara katika eneo hilo, lililotengwa kwa miaka 25. Kwa hesabu ya reli, ni mpango wa akili: eneo linalonufaika ndilo linalolipa.

Lakini nenda ukatazame nyumba. Mwaka 2017 wajenzi wa Battersea walikubaliwa kupunguza nyumba za bei nafuu walizoahidi katika mradi wao kutoka 636 hadi 386, kwa hoja kwamba gharama zimepanda. Stesheni ilijengwa, maduka yakajengwa, na kilichokatwa kilikuwa fungu la wenye kipato kidogo. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mji wenye mabaraza imara na wapangaji wenye mikataba ya maandishi, sisi wenye risiti katika makopo tujihadhari mara mbili. Na mfumo wa Hong Kong hauwezi kuletwa hapa kama ulivyo, kwa kuwa ardhi inayoizunguka reli yetu si ya mmiliki mmoja. Ina mwenye hati, mwenye nyumba, na mpangaji wa chumba, wote juu ya kiwanja kimoja.

Kwa maoni yangu, kabla kibali chochote cha jengo la ghorofa hakijatolewa jirani na stesheni, serikali ya kaunti iandae daftari la wenye nyumba zisizo na ardhi, mtaa kwa mtaa, na kila atakayejenga alazimike kumpa mwenye nyumba ya zamani makao katika jengo jipya, hapo hapo, kwa mkataba ulioandikwa na usioweza kupunguzwa baadaye kwa kisingizio cha gharama. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inatambua haki ya wananchi kushirikishwa katika mipango ya maeneo yao. Mkiitwa kwenye mkutano wa mpango wa eneo, nendeni, na msemalo litiwe katika kumbukumbu za mkutano. Mama, nenda na kopo lako.

SWALI: Mimi huuza viazi karai na mahamri kando ya reli. Sina nyumba wala kiwanja, nina meza na karai tu. Treni zikianza, nitafukuzwa?
Muuzaji wa Changamwe

JIBU: Dada yangu, ukanda wa reli ni mali ya shirika la reli, na meza iliyo karibu mno na njia itaondolewa kwa usalama wako mwenyewe na wa watoto wanaokuja kununua. Hilo sitakuficha. Lakini kuondolewa si lazima kuwe kufukuzwa. Nairobi, watu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara juu ya ukanda wa reli kule Kibera na Mukuru waliorodheshwa, na wakajengewa nyumba na vibanda vya biashara pembezoni mwa njia hiyo hiyo, katika mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Aliyekuwa na meza alihesabiwa pia. Kwa hiyo mfano upo, na upo humu humu nchini.

Abiria wa alfajiri anataka chai na kitu cha kutia tumboni kabla ya kupanda, na jengo la stesheni lisilo na nafasi ya wauzaji wadogo limechorwa vibaya. Jiandikisheni kama kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, wekeni orodha ya majina, picha za meza zenu na stakabadhi za ada mnazolipa kaunti, kisha ombeni kwa maandishi nafasi ndani ya ramani ya stesheni mpya, mkitaja idadi yenu na upana wa meza moja. Fanyeni hivyo sasa, wakati ramani bado ni karatasi. Ukuta ukishasimama, hakuna fundi atakayeuvunja kwa ajili ya karai.