Baba ana pampu ya moyo na mkononi hakuna mapigo: mishipa yake iko salama?

Swali: Daktari, moyo wa baba yangu ulishindwa kufanya kazi, akawekewa pampu ya HeartMate 3 upande wa kushoto. Mashine yetu ya presha inaonyesha hitilafu karibu kila mara, na nikimshika mkono sisikii mapigo. Pampu hii inaiponya mishipa yake au inaiharibu?

Jibu: Inafanya yote mawili, ila mema yake ndiyo hutangulia. Moyo uliochoka ulikuwa ukitoa damu kidogo, na mwili ukajitetea kwa homoni zinazobana ateri. Hali hiyo ikidumu, utando wa ndani wa mishipa hupoteza uwezo wa kutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza. Pampu hurudisha mtiririko, kwa kawaida lita 4 hadi 6 kwa dakika. Figo na misuli hupata damu, na presha ya mishipa ya mapafu hushuka kwa kuwa damu hairundikani tena nyuma ya chemba ya kushoto.

Shida iko katika namna ya kusukuma. Moyo hukaza na kulegea. Pampu haipumziki, rota yake huzunguka mara nyingi kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Utando wa mishipa huhitaji kule kutanuka na kurudi ili uendelee kutoa nitriki oksaidi. Ukikosa, ateri hukakamaa, na aota, ateri kuu itokayo moyoni, nayo huelekea kuwa ngumu. Vihisio vya shingoni navyo, kwa kukosa mapigo, huamsha neva zinazozidi kubana mishipa. HeartMate 3 hubadili kasi kila sekunde 2, lakini lengo kuu ni damu isituame ndani yake. Si badala ya mapigo ya moyo.

Lipo pia suala la kutokwa damu utumboni. Msukosuko ndani ya pampu huzinyoosha protini ndefu za von Willebrand, zinazosaidia damu kuganda, kisha kimeng'enya huzikata. Zikipungua, chembe sahani, chembe za damu zinazoziba jeraha, hazinati vizuri, na vimishipa dhaifu huota kwenye ukuta wa utumbo. HeartMate 3 huzikata kidogo kuliko pampu ya awali, HeartMate II, maana rota yake huelea kwa sumaku na njia za damu ni pana. Hata hivyo baba anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hulengwa mara nyingi 2 hadi 3. Akipata choo cheusi kama lami, pigia kituo chake siku hiyohiyo. Usimwachishe dawa mwenyewe. Damu inaweza kuganda ndani ya pampu. Kama bado anameza aspirini, uliza sababu: jaribio la ARIES-HM3 la mwaka 2023 lilionyesha kwamba kuiacha kulipunguza kutokwa damu bila kuongeza matukio ya kuganda.

Sasa presha, na hapa ndipo mikono yenu ina kazi. Mashine ya kawaida hutafuta mapigo. Isipoyapata huleta hitilafu, na hiyo haina maana kwamba hana presha. Tumieni kifaa cha Dopla, kinachotoa sauti ya damu inapopita kwenye mshipa. Paka jeli juu ya ateri ya kiwiko, tafuta sauti, jaza hewa kwenye mkanda hadi sauti ipotee, kisha ongeza kama 20 mmHg. Achia taratibu, 2 hadi 3 mmHg kwa sekunde. Namba ambayo sauti inarudi ndiyo ya kuandika.

Kosa la mara kwa mara ni kuisoma vibaya. Asipokuwa na mapigo, namba hiyo hukaribia presha ya wastani, na vituo vingi hulenga 70 hadi 90. Moyo wake ukipata nguvu na mapigo yakirudi, namba ileile hukaribia namba ya juu ya presha, ile ya moyo unapokaza; ukiichukulia kuwa ya wastani, ataongezewa dawa asizohitaji na kupata kizunguzungu. Ikizidi 90 hali hana mapigo, hatari ya kiharusi huongezeka, na pampu hutoa damu kidogo kwa sababu inasukuma dhidi ya ukinzani mkubwa. Kwa hiyo kila mnapoandika namba daftarini, andikeni kando yake kama mapigo yalisikika mkononi au la.