Mwezi Unaochomoza Ng'ambo ya Ruzizi: Je, Macho Yananidanganya?

SWALI: Daktari, mwezi mpevu unapochomoza juu ya milima ya Rwanda, ninauona mkubwa kama sinia, lakini usiku wa manane unakuwa mdogo kabisa. Nikiupiga picha kwa simu, inatoka nukta tu. Je, macho yangu ni magonjwa? Nahitaji miwani? (Mama msomaji, Ibanda, Bukavu)

JIBU: Mama mpendwa, kwa jinsi ulivyoeleza, hilo si ugonjwa. Karibu kila mtu huuona mwezi hivyo, na jambo hilo ni mojawapo ya yale yanayonifanya niipende kazi hii ya macho.

Upana wa mwezi angani ni takriban nusu digrii, uwe juu ya milima au utosini. Ukinyoosha mkono na kushika kidonge chenye upana wa milimita 6, kitaufunika mwezi wote jioni, na usiku wa manane kitaufunika vilevile. Tena, unapochomoza huwa mbali nasi zaidi kwa karibu kilomita 6,000 kuliko unapokuwa utosini, hivyo ingestahili uonekane mdogo kidogo. Hewa nayo haiukuzi: huupa tu rangi ya machungwa, kwa kuwa mwanga wa buluu hutawanyika njiani. Simu, ambayo lenzi yake hutazama eneo pana, imekuonyesha nusu digrii hiyo ilivyo.

Ukubwa unaouona hutoka kwenye ubongo. Nyoosha mkono mmoja, na mwingine uuweke katika nusu ya umbali huo. Ndani ya jicho, taswira ya kiganja cha karibu ina upana mara mbili ya ile ya kiganja cha mbali, na bado unaona viganja vilivyo sawa, kwa sababu ubongo haupimi taswira peke yake, bali huilinganisha na umbali unaoukadiria. Mwaka 1881 daktari wa macho wa Uswisi, Emil Emmert, alieleza kanuni hiyo: ukikazia macho umbo lenye rangi kali kwa nusu dakika (jua usilikazie kamwe), utabaki na kivuli chake machoni, ambacho kwenye karatasi ya karibu huonekana kidogo na kwenye ukuta wa mbali huonekana kikubwa, ingawa alama iliyo jichoni haijabadilika.

Kati yako na mwezi unaochomoza kuna mapaa, miti, maji, kisha mlima nyuma ya mlima, na vyote hivyo huuambia ubongo kwamba kitu kile kiko mbali sana, basi lazima kiwe kikubwa. Mwanasayansi Mwarabu Ibn al-Haytham alikwisha kueleza wazo la namna hiyo katika karne ya 11. Hata hivyo wataalamu bado wanabishana, kwa maana watu wengi wakiulizwa husema mwezi wa upeoni uko karibu, wala si mbali, na mimi naona pingamizi hilo ni zito.

Kunja karatasi iwe bomba jembamba, uutazame mwezi bila kuona milima. Kwa watu wengi hunywea papo hapo, na bomba likiondolewa hukua tena, hata kwa mtu anayeijua sababu. Kwa hiyo usiache kuushangaa, wala usiyadharau macho yako, kwani uwezo huohuo ndio unaokuwezesha, unapovuka barabara pale Nyawera, kutambua kwamba gari la mbali ni gari zima na si kitu kidogo. Ila ukitaka kipimo, tumia kidonge, si macho matupu.

Miwani haihitajiki kwa ajili ya mwezi. Lakini funika jicho moja, kisha jingine, utazame fremu ya mlango: mstari ulionyooka ukionekana umepinda, au jicho moja likiona vitu vikubwa au vidogo kuliko jingine, huenda retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ina tatizo, na hapo nenda upimwe wiki hiyohiyo.